Saa inayobadili siku magharibi

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nashona kanzu, sare za shule na magauni ya shughuli, lakini karibu nusu ya ugali wangu unatoka kwenye kurekebisha nguo za watu: kupunguza, kutanua, kubadili zipu, kutia bitana mpya kwenye koti la marehemu fulani ili mwanawe alivae. Mtu akiniletea koti akasema halijaguswa tangu linunuliwe, huwa nimeshageuza pindo nje kabla hajamaliza kuapa.

Naanza na kazi yangu kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kutazama saa kuukuu. Ninazo tisa, kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na kila moja nilipoinunua nilijua au sikujua ndani yake kuna nini. Hizo ambazo sikujua ndizo zilizoniuma.

Sasa kisa chenyewe. Kijana mmoja anayeuza simu za mitumba karibu na Soko la Mgandini, anayeujua ugonjwa wangu, alinipigia Jumatatu asubuhi. "Dada, nimepata Seiko ya kuzamia. Ilikuwa ya babu yangu. Kila kitu orijino. Laki sita tu." Kwenye meza nilikuwa na sare kumi na mbili zinazosubiri vifungo. Zikasubiri.

Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa cha kufutia vioo vya simu. Kasha nene la chuma lenye umbo la mto wa kulalia, pana kuliko kifundo changu cha mkono, na ufunguo wake umekaa pale ambapo namba 4 ingekuwa, umezama kidogo kwenye chuma ili usichome ngozi. Wanaozijua saa hizi wanaitambua hata wakiwa upande wa pili wa barabara. Nikaigeuza. Nyuma kuna wimbi la bahari limechongwa, limefifia kwa jasho la miaka, na chini yake namba 6309-7040. Seiko waliitengeneza modeli hii kuanzia 1976 hadi 1988, na waliziuza nyingi mno. Mabaharia, wazamiaji na watu ambao hawajawahi hata kutia mguu baharini waliivaa.

Kuna namba nyingine pale nyuma ambayo mimi huisoma kabla ya kutazama uso wa saa. Ni tarakimu sita. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa 0, Novemba na Desemba kwa herufi, N na D, kwa kuwa nafasi ni moja tu. Hii ilianza na 24. Mbili inaweza kuwa 1972 au 1982 au 1992, lakini modeli hii ilikuwepo katika mwaka mmoja tu kati ya hiyo, kwa hiyo ni Aprili 1982. Mwaka huo mama yangu alikuwa anapanga foleni ya sabuni. Saa ya namna hii hukuipata dukani Tanga. Ililetwa na mtu aliyetoka nje, akashuka nayo melini ikiwa mfukoni.

"Babu alikuwa baharia?" nikamuuliza.

"Baharia. Aliinunua Dubai, au Maskati. Mojawapo."

Nikakubali, maana dirisha la siku lilikuwa linasema hivyohivyo. Seiko za wakati ule zilikuwa na siku kwa lugha mbili, ya pili ikitegemea saa inakwenda kuuzwa wapi. Hii ilikuwa na Kiingereza na Kiarabu. Mimi nilisoma chuoni kwa maalimu, herufi nazijua, nikasoma *al-ithnayn*, Jumatatu.

Baada ya hapo ndipo nikautazama uso, na moyo ukashuka.

Akrabu ya dakika ilikuwa ya rangi ya chungwa, chungwa la fulana za waongoza magari. Saa hii ilitoka kiwandani na akrabu nyeupe. Nikasogeza jicho. Maandishi ya SEIKO yalikuwa manene, wino umevimba kama herufi zilizoandikwa kwenye ukuta wa chokaa mbichi. Chini kabisa, ambapo kiwanda huandika namba ndogondogo za uso ambazo huwezi kuzisoma bila kioo cha kukuzia, palikuwa na kitu kama uji. Kingo za dirisha la tarehe zilikuwa na vinyweleo, na tarakimu ilikaa upande mmoja badala ya katikati. Nikajitupia khanga kichwani pale pale kwenye kibanda chake, watu wanapita, ili niitazame gizani. Ikawaka kijani, vidoti vyote pamoja na akrabu, vinang'aa kama taa ya kuvukia barabara. Rangi ya miaka arobaini haiwaki hivyo. Ile ya zamani hugeuka samli, na ukiitia gizani inakutazama kidogo halafu inalala.

Nikatoka ndani ya khanga. "Hii akrabu ya chungwa nayo babu aliinunua nayo Dubai?"

Akacheka. "Dada wewe mkali."

"Uso huu je?"

"Uso ni mpya," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Na ile ringi ya dakika. Lakini mashine ni yake. Naapa."

Nampenda kijana huyu, kwa hiyo sikumsuta. Lakini nataka ieleweke kwamba tangu saa hiyo laki sita ilikuwa imekufa.

Wengi mnaoniandikia mnaniuliza jambo moja kwa maneno tofauti: saa yenye spea zisizo zake, inunuliwe au iachwe? Jibu langu la kwanza huwa ni swali: umeambiwa nini? Kuna fundi aliyebadili kwa sababu kilichokuwepo kimeoza, na kuna mtu aliyebadili ili akuuzie. Spea zinaweza kuwa zilezile, zimetoka kwenye bahasha moja. Ila yule wa pili anakuja na laki sita.

Swali la pili ni hili: vya zamani viko wapi? Mteja wangu nikimbadilishia vifungo vya pembe nikamwekea vya plastiki, vya pembe namrudishia kwenye bahasha. Asipovitaka ni hiari yake. Nikamwuliza kijana. Akakuna kichwa, akasema labda vipo nyumbani, bibi hatupi kitu. Nikamwachia laki moja ya amana nikaondoka na saa, kwa makubaliano kwamba Ijumaa baada ya swala namletea jibu au namrudishia mali yake. Ndivyo tunavyofanya hapa. Mtu anayekukatalia kukaa na saa siku mbili tatu ana sababu yake.

Usiku ule nilimtumia mpwa wangu picha. Yuko Maskati, anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, na saa kuukuu ndizo zinazomla mshahara. Anajua kuliko mimi, na huwa hanionei haya. Akanirudishia sauti kwenye WhatsApp:

"Shangazi, achana nayo. Uso si wake, akrabu si zake, ringi si yake. Hiyo ni pilau ya makombo. Uso ndio saa. Ukija kutafuta uso halisi utalipa pesa ya saa nyingine."

Ana haki. Uso ndio unaoharibika haraka, maji yakiingia, na ndio usiosafishika. Kasha utalisugua, kioo utabadili, mashine utaitia mafuta. Uso ukishapata kutu au wino ukishabanduka, basi. Kwa hiyo nyuso halisi zilizosalimika ni chache kuliko makasha, na watu wanazitafuta kama dawa. Mpwa wangu akitazama saa anatazama pia siku atakayoiuza, na hilo si kosa. Ni namna moja ya kuhesabu.

Na mimi nilishaungua. Miaka miwili nyuma nilinunua Seiko 5 yenye uso wa samawati, mzuri mpaka nikauonyesha wateja. Nilipoifikisha kwa fundi wangu akaifungua, mashine ina mawe 21, vile vito vidogo vinavyobeba magurudumu ndani, uso umeandikwa 17. Mtu alikuwa ameupaka upya na kuandika alichokumbuka. Nililipa laki na nusu kwa saa ya elfu hamsini, na mpaka leo ipo kwenye kopo, siivai, naitumia kuwaonyesha watu. Kuna sehemu nyingi duniani ambako nyuso za zamani hupakwa rangi upya kwa makusudi kabisa, India hasa, na wapo wanaozipenda kwa hizo rangi zake. Mimi sina neno nao. Nilichukia kulipishwa.

Basi Jumanne nikaanza hesabu zangu mwenyewe, huku nashona vifungo. Cha kweli ni nini hapa? Kasha ni la kweli, na halijapigwa msasa. Hili watu hulidharau. Kuna mafundi wanaong'arisha kasha mpaka kingo zinayeyuka kama sabuni iliyobaki sahanini, na chuma kikishaondoka hakirudi. Hili lilikuwa na mikwaruzo yake yote lakini kingo zimesimama. Mfuniko wa nyuma ni wake. Duara la siku lenye Kiarabu ni lake. Mashine sikuwa nimeiona bado, ila tabia yake nilikuwa naiona mkononi. Saa hii haitiwi ufunguo kwa vidole. Ukiikuta imelala unaitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi, ikaamka. Ukivuta ufunguo ili urekebishe majira, akrabu ya sekunde haisimami, inaendelea na safari zake. Hivyo ndivyo ilivyo tangu kiwandani, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa inakwenda mbele dakika mbili kwa siku, ambayo kwa mashine isiyotiwa mafuta nadhani tangu enzi za Mzee Ruksa ni heshima.

Kisichokuwa cha kweli nimeshakitaja. Ongeza ufunguo: unatakiwa ujifunge kwa kuzungusha kama kizibo, lakini nyuzi zake zimekwisha, unazunguka bila kushika. Uso unasema mita 150. Mimi nisingeivaa hata kuanikia nguo.

Alhamisi ndiyo iliyoniharibia hesabu.

Nilikuwa kwenye cherehani, mwanga unapungua, nimeivaa kwa sababu napenda kuivaa saa kabla sijaiamua. Nikatupa jicho. Dirisha la siku lilikuwa limekaa mshazari, nusu Alhamisi ya Kiarabu inapanda, nusu FRI ya Kiingereza inakuja. Nikadhani nimechoka. Saa kumi na mbili jioni, tena kasoro. Nikaendelea kushona, nikaangalia tena: FRI imeingia vizuri, na tarehe imeshasogea kabla yake. Mwadhini akakohoa kwenye kipaza sauti kama kawaida yake, akaadhini. Nilipotoka kuswali na kuwasha taa, saa ilikuwa njiani kuingia kwenye neno la pili. Kabla ya isha ilisoma *al-jumu'a*. Ijumaa.

Kwa wasiozijua saa hizi: duara la siku lina nafasi kumi na nne, kila siku mara mbili, lugha moja baada ya nyingine. Ukichagua Kiarabu, kila usiku linapita kwanza kwenye Kiingereza, linakaa hapo muda, halafu linafika. Hilo ni sawa. Lakini hutokea baada ya saa sita usiku, ukiwa umelala. Hii ilikuwa inafanya kazi hiyo magharibi.

Maelezo yake kwa fundi yeyote ni mepesi. Akrabu zimekaa tu kwenye vijiti vyake, zimebanwa. Ukizitoa na kuzirudisha lazima kwanza uzungushe mashine mpaka tarehe iruke, usimamishe hapohapo, ndipo uziweke akrabu zote mbili zikitazama juu, kwenye 12. Ukiziweka mahali pengine saa itakwenda vizuri tu, dakika zitakuwa sawa, ila tarehe itaruka muda wake wa ajabu. Ni kama kukata kanzu vizuri ukashona mikono nyuma mbele. Nikaizungusha kwa mkono saa nzima ishirini na nne. Tarehe inaruka akrabu ya saa ikiwa chini kabisa, kwenye 6. Kosa la nusu duara kamili.

Kamili mno, nikawaza. Mtu mzembe hukosea kwa robo saa, saa moja na nusu, kitu kisicho na sura. Huyu alikosea kwa masaa sita barabara.

Na masaa sita kwetu si namba ya hivihivi. Kwetu pwani usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi. Jua likishazama, siku imeshakuwa nyingine. Ndivyo tunavyohesabu Ramadhani, ndivyo tunavyohesabu arobaini ya maiti, na marehemu bibi yangu ukimwuliza leo siku gani baada ya adhana anakupa jina la kesho bila kupepesa. Saa ya Kijapani yenye siku za Kiarabu, inayogeuza siku magharibi: mtu angeweza kuitaka hivyo.

Asubuhi yake nikaipeleka kwa fundi wangu. Amekaa kwenye baraza ileile tangu mimi niko darasa la tatu, meza yake ina kioo cha dirisha la basi juu yake na chini ya kioo picha za watu waliokwishakufa. Nikamwamkia, nikaiweka saa mezani. Hata hakuivaa lenzi.

"Hii naijua," akasema. "Uso niliutia mimi. Mwaka wa tatu sasa. Yule bwana aliniletea spea mwenyewe, alizipata kwa mtu. Alikuwa haoni vizuri, akataka akrabu inayoonekana."

Kwa hiyo chungwa ni macho ya mzee. Sawa.

"Na tarehe kuruka magharibi? Alikuagiza?"

Fundi akanyamaza. Akaitoa lenzi, akaibana kwenye jicho, akaanza kufungua mfuniko wa nyuma ambao sikumwomba aufungue. "Mashine yake hii," akasema, "6309A, mawe kumi na saba, haijaguswa na mtu mwingine." Nikafurahi, lakini swali langu nikaliacha palepale mezani.

"Mwanangu," akasema mwishoni, "mimi sikosei akrabu."

"Kwa hiyo alikuagiza."

"Inawezekana aliagiza. Wazee wana mambo yao." Akavua lenzi. "Au labda ni yule kijana niliyekuwa nimemweka wakati ule, aliyekwenda zake Arusha. Nilimwambia, hakikisha tarehe inaruka saa kumi na mbili."

Tukatazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka. Saa kumi na mbili! Mfunzwa kaambiwa saa kumi na mbili, na mtoto wa Kiswahili saa kumi na mbili yake iko wapi? Iko chini, kwenye 6, jua linapozama. Fundi alimaanisha 12 ya usoni. Kijana akasikia magharibi. Fundi naye akacheka mpaka akafuta macho, halafu akasema tena, kwa uzito, kwamba yeye hakosei akrabu.

Sasa nina hadithi tatu: mzee alitaka, fundi alikosea, au mfunzwa alitii sana. Ijumaa baada ya swala nilipokwenda kwa kijana wa simu nikamwuliza kama babu yake aliwahi kuitaja. Akasema hajui, ila babu Alhamisi usiku alikuwa hasemi Alhamisi kamwe. Hiyo haikunisaidia kitu. Tanga nzima imejaa mababu wa namna hiyo.

Lakini alikuwa amekuja na kikopo cha rangi ya viatu. Bibi yake, kweli, hatupi kitu. Ndani kulikuwa na pamba iliyogeuka kahawia, na ndani ya pamba uso wa zamani. Masikini. Nusu yake ilikuwa imebanduka mpaka shaba inaonekana, vidoti vitatu havipo, na vilivyobaki vina rangi ya samli niliyoitegemea. SEIKO ilikuwa bado inasomeka, nyembamba, herufi zimesimama kwa adabu. Kwa kioo cha kukuzia nikaziona na zile namba ndogo chini, zinaanza na 6309, safi kana kwamba maji yalizionea haya. Akrabu ya saa ipo, ya dakika imevunjika shingo. Ringi ya zamani haikuwepo.

Hapo ndipo nilipoamua, ingawa sikumwambia. Uso ule hautarudi kwenye saa, umekufa. Lakini ulinithibitishia kwamba mzee hakuununua uso mpya ili amdanganye mtu. Alikuwa anataka kujua saa ngapi. Mjukuu ndiye aliyeongeza neno orijino, na neno hilo tulishalitoa kwenye bei.

Tukapatana. Nilianza na laki mbili, yeye akashuka mpaka laki nne akakaa hapo kama mwamba, nikamhesabia kwa vidole: uso, akrabu, ringi, ufunguo usioshika, mafuta kwa fundi. Nikamwambia kasha nalilipa kama kasha zuri, mashine kama mashine nzuri, na vilivyobaki silipi. Tukaishia laki mbili na themanini elfu, pamoja na kikopo. Alitaka kikopo kibaki. Nikamwambia bila kikopo ni laki mbili na nusu. Akanipa.

Mpwa wangu nilipomwambia aliguna tu. Akaniuliza nitaiuza kwa nani. Sikuwa na jibu, na ni kweli nimelipa labda zaidi ya ambavyo yeye angelipa. Kama ningekuwa naitafutia faida ningeiacha pale Jumatatu, na yeyote anayenunua ili auze na aiache. Uso usio wake ni hasara utakayoibeba mwenyewe mpaka mwisho, mnunuzi wa pili hatakuhurumia kwa sababu una hadithi ya baharia. Mimi sikununua ili niuze. Nilikwisha kuamua kwamba nitaendelea kutafuta akrabu nyeupe na ufunguo unaoshika, polepole, na uso wa halisi nikiupata kwa bei ya kibinadamu nitauchukua. Nisipoupata, huu wa uji utakaa.

Wiki iliyopita fundi ameimaliza. Elfu arobaini, imesafishwa, imetiwa mafuta, sasa inakwenda mbele sekunde ishirini hivi kwa siku. Aliniuliza kabla hajarudisha akrabu: nizipange? Zilikuwa nje tayari, zimelala kwenye karatasi, ile ya chungwa na mwenzake. Ilikuwa ni kazi ya dakika moja. Nikamwambia zirudishe zilivyokuwa. Akanitazama, akasema, "Wateja wakisema nimekosea?" Nikamwambia atawajibu kwamba yeye hakosei akrabu.

Kuna usumbufu wake. Saa za namna hii hutakiwi kuzibadilisha tarehe kwa mkono wakati zenyewe zimeanza kujiandaa kuruka, meno yatagongana ndani na kuvunjika; kwa kawaida unakaa mbali kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, muda ambao hata hivyo umelala. Yangu muda huo umehamia mchana. Na ikisimama, ukiianzisha vibaya, itageuza siku alfajiri badala ya magharibi na hapo inakuwa imeharibika kweli, haina maana ya kidunia wala ya kidini. Kwa hiyo ndani ya mfuniko wa kopo la biskuti nimebandika kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, nimeandika kwa chaki ya fundi halafu nikapitisha kalamu juu yake, ili hata siku nisipokuwepo mtu asije akaivunja: USIGUSE TAREHE, SAA TISA ALASIRI HADI SAA NNE USIKU.